Mashine za kuvunia za mkononi na ganzi ya vidole: mtetemo unavyoumiza mikono polepole

Mei 2023 kule Kericho, Kenya, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto na watu wenye hasira, na hoja kubwa ilikuwa ajira, kwamba mashine moja inakula kazi ya watu wengi. Hoja ya maana kabisa. Ila kuna kundi moja ambalo kwenye ule mjadala halikusikika sana, nalo ni wale waliobaki na kazi, wale wanaoishika hiyo mashine kwa mikono yao kuanzia umande haujakauka mpaka mchana. Wao wana shida nyingine, haipigi kelele wala haitoi damu, na mtu anaweza kuibeba miaka kadhaa bila kujua jina lake wala chanzo chake.

Nazungumzia mtetemo. Ule unaotoka kwenye mashine, unapita kwenye mshikio, unaingia kiganjani na kupanda mpaka kwenye kiwiko.

Kwanza tuiangalie mashine yenyewe, maana wengi wanaoisema hawajaisogelea. Ile ya watu wawili ina visu viwili virefu vinavyopishana kwenda na kurudi kwa kasi, ina kiinjini kidogo cha petroli iliyochanganywa na oili kimefungwa upande mmoja, na feni inayopuliza majani yaingie kwenye mfuko mrefu unaoburutwa nyuma. Mmoja huku, mwingine kule, mstari wa chai katikati, wanatembea pamoja wakiwa wameibeba juu ya kichaka. Sasa injini kama hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 100 kwa sekunde, na kila mzunguko unatikisa mashine na mshikio wake. Ukishika saa moja tu mfululizo mkono umeshatikiswa mara 360,000, na hapo sijahesabu mtikisiko wa visu vyenyewe, ambavyo kila vinapofika mwisho na kugeuza mwelekeo vinapiga kivyake.

Siyo chai peke yake. Kuna mashine za kufyekea nyasi ambazo siku hizi watu wanazifunga kisu cha duara wanavunia mpunga, kuna chensoo, kuna zile za kuchuma kahawa ambazo Brazil wanazitumia sana, mpini mrefu na vidole vya plastiki mbele vinavyotingisha matawi mpaka buni zinadondoka, kuna za kukatia mikungu ya michikichi Malaysia, na kuna za zeituni Italia, Uhispania, Ugiriki na Uturuki. Hizi za zeituni ndo nataka tuzikae kidogo maana zimepimwa na wataalamu tena na tena na majibu yake yanatisha.

Mashine ya zeituni ni fimbo ndefu, kichwani ina vichana viwili vinavyopiga makofi hewani katikati ya matawi. Nyingine zinatumia hewa ya kompresa, nyingine betri ya volti 12 kama ya gari, nyingine zina injini na ndoano ya kushikia tawi. Mvunaji anaiinua juu ya kichwa, mikono imenyooka, shingo imekunjwa kwa nyuma, na anashika kwa nguvu kwa sababu kichwa cha fimbo kinavuta huku na kule. Vipimo vilivyochukuliwa mashambani mara nyingi vinapita 10 na vingine vinafika 20. Namba hizo peke yake hazikuambii kitu najua, subiri tuzifungue.

Mtetemo wa mkononi unapimwa kwa m/s², yaani ukali wa ule mtikisiko. Kifaa kidogo kinafungwa kwenye mshikio, kinasoma mtikisiko wa pande tatu, juu na chini, kulia na kushoto, mbele na nyuma, halafu vyote vinaunganishwa kuwa namba moja. Kila mkono unapimwa peke yake kwa sababu mkono wa mbele na wa nyuma haupati sawa, na inachukuliwa namba ya mkono uliotikiswa zaidi. Utaratibu wa kimataifa wa kupima unaitwa ISO 5349 na toleo linalotumika ni la 2001.

Sasa kiini cha mambo yote haya ni hiki: madhara yanategemea ukali na muda kwa pamoja. Mashine kali kwa dakika chache inaweza kuwa sawa na mashine laini kwa siku nzima. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2002 iliweka mistari miwili kwa siku ya kazi ya saa 8. Wa kwanza ni 2.5, mtu akifika hapo mwajiri lazima aanze kuchukua hatua. Wa pili ni 5, huo ni ukuta, hauvukwi.

Waingereza wakatengeneza hesabu rahisi ya pointi na mimi naona kila kiongozi wa genge shambani angepaswa kuijua, haihitaji hata kompyuta. Chukua namba ya mtetemo ya mashine, izidishe yenyewe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 2. Unapata pointi za saa moja. Pointi 100 kwa siku ni mstari wa kuchukua hatua, pointi 400 ni ukuta. Tuseme mashine ina 5. Tano mara tano 25, mara mbili 50, kwa hiyo pointi 50 kwa saa, unafika mstari wa kwanza baada ya saa 2 na ukuta baada ya saa 8. Mashine yenye 10 je? Wengi watasema basi muda unapungua nusu, hapana, ni pointi 200 kwa saa, mstari wa kwanza unaufikia kwa nusu saa na ukuta kwa saa 2 tu. Ukali ukiongezeka mara mbili muda unapungua mara nne. Ile fimbo ya zeituni yenye 15 inakupa pointi 450 kwa saa, maana yake ndani ya dakika kama 53 umeshamaliza siku yako nzima, na mvunaji wa zeituni msimu ukichanganya hafanyi kazi dakika 53.

Muda unaohesabiwa ni ule ambao mkono umeshika mashine ikiwa inanguruma. Kujaza mafuta, kumwaga mfuko, kunywa maji, kusubiri gari la kubebea majani, vyote havihesabiwi. Ndo maana ukimuuliza mtu umeshika mashine saa ngapi leo atakwambia saa nane na anaamini hivo, kumbe ukikaa pembeni na saa yako unakuta ni nne au tano. Kwa hiyo ukitaka kujua ukweli usiulize, kaa upime.

Sasa ndani ya mkono kinatokea nini. Vidole vina mishipa midogo sana ya damu na nyuzi nyembamba za fahamu. Mtikisiko wa taratibu unasafiri mpaka kiwiko na bega, ule wa kasi unaishia kwenye vidole na kiganja, na hapo ndo unafanya kazi yake. Kuta za vile vimishipa vya damu zinaharibika na vinakuwa vyepesi kubana kupita kiasi pakiwa na baridi. Nyuzi za fahamu nazo zinachakaa. Pia mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono unaweza kubanwa, matokeo yake usiku unaamka kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi unavikung'uta kama vile unavikung'uta maji.

Mwanzoni ni ganzi na kuchomachoma baada ya kazi, inaisha ukikaa kidogo. Hapo watu wote wanasema ni uchovu. Baadaye ganzi inachelewa kuondoka, inakukuta na jioni. Halafu inakuja siku ya baridi, asubuhi umetoka umenawa maji ya bomba, vidole vinapoteza rangi ghafla kwenye ncha, vinakuwa kama si vyako, dakika kadhaa baadaye damu inarudi na hapo sasa ndo maumivu, vinawaka moto na kudunda. Mara nyingi ni vidole vinne, gumba linapona. Ugonjwa ukiendelea weupe unateremka kutoka ncha kwenda pingili ya kati na mpaka shina la kidole, na huko mbali kabisa ngozi ya ncha inaweza kuharibika. Upande wa fahamu ni mbaya zaidi kwa maisha ya kila siku. Mtu mzima anashindwa kufunga kifungo cha shati. Anatafuta shilingi mia ndani ya mfuko kwa vidole na hajui kashika shilingi au kashika ufunguo, mpaka atoe aangalie kwa macho. Anashika kikombe kinamponyoka.

Na hapa kuna jambo naomba wauguzi na madaktari wetu walishike. Maelezo mengi ya ugonjwa huu yaliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe, picha nyingi za vidole vyeupe ni za wazungu au Wajapani. Kwenye ngozi nyeusi ule weupe juu ya kidole unaweza usiuone vizuri, inabidi ugeuze mkono uangalie upande wa kiganja na chini ya kucha, na zaidi ya yote umsikilize mgonjwa. Asipoulizwa anafanya kazi gani ataambiwa ana baridi yabisi, atapewa dawa za maumivu na kurudi kwenye mashine ileile.

Baridi ndiyo inayouwasha huu ugonjwa, na chai inapenda baridi. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, Mufindi kule Tanzania karibu mita 1,900, na nani asiyeijua Mufindi au Njombe ya mwezi wa sita na wa saba, ukungu mpaka saa nne asubuhi, majani yana umande, mikono imelowa. Ongeza na hili, mtu anafika shambani kwa pikipiki, upepo wa baridi unampiga vidole na usukani wa pikipiki nao unatetemeka, kwa hiyo kabla hajawasha mashine ya kwanza mikono imeshaanza kuhesabu. Na sigara pia inabana mishipa ya damu, mvutaji anajiumiza mara mbili.

Historia yake siyo ya juzi. Italia, 1911, daktari Giovanni Loriga alieleza matatizo haya kwa watu waliokuwa wanatumia zana za hewa. 1918 Marekani, daktari Alice Hamilton alikwenda kwa wachonga mawe wa Bedford, Indiana, akakuta wengi wao vidole vinakufa na kuwa vyeupe kwenye baridi. Kisha ikaja chensoo misituni na wakata miti wakaanza kuumwa nchi baada ya nchi. Uingereza wachimba makaa walienda mahakamani dhidi ya shirika la serikali la makaa ya mawe na wakashinda, fidia zilizolipwa baadaye zilipita paundi bilioni 1. Kwa hiyo mtu yeyote anayeuza au kununua mashine ya mkononi leo hawezi kusema hili jambo ni geni, limejulikana kwa zaidi ya miaka 100.

Ila mfano unaonipa moyo ni wa Finland. Wakata miti wa eneo la Suomussalmi walifuatiliwa na watafiti kuanzia 1972, na mwaka huo asilimia 40 walikuwa na tatizo la vidole vyeupe. Watengenezaji wakaanza kutenganisha mshikio na injini kwa raba na springi, mashine zikawa nyepesi, mtetemo wa chensoo ukashuka kutoka kama 14 mpaka kama 2. Mwaka 1990 wenye tatizo walikuwa asilimia 5. Eneo lilelile, kazi ileile, baridi ileile. Kilichobadilika ni mashine. Ndo maana nikisikia mtu anasema kijana wa siku hizi hana mikono migumu nakasirika kweli, mikono migumu haikuwahi kumuokoa mkata miti yeyote, raba ndogo kati ya injini na mshikio ndo iliyowaokoa.

Kuna hesabu nyingine kwenye ule utaratibu wa ISO inayoonyesha miaka. Kundi la watu linalopata 5 kila siku ya kazi, inakadiriwa mtu 1 kati ya 10 atakuwa na vidole vyeupe baada ya karibu miaka 6. Wakipata 10, ni chini ya miaka 3. Wakipata 2.5, kama miaka 12. Ni makadirio ya kundi, haimwambii mtu mmoja lini ataumwa. Na wapo wanasayansi wanaosema hesabu hii inadharau mtikisiko wa kasi sana, ambao ndio unaoumiza vidole, kwa hiyo usiichukue kama ahadi kwamba chini ya hapo uko salama.

Sasa tufanyeje mashambani kwetu, maana huwezi kumwambia mtu aache mashine wakati ndiyo inayomlisha.

Anza dukani. Mashine inayouzwa Ulaya kama mtetemo wake unapita 2.5 mtengenezaji analazimika kuandika namba hiyo kwenye kitabu cha maelekezo, na mashine nyingi za kampuni kubwa zinazofika kwetu zina vitabu hivyohivyo. Fungua kitabu, tafuta m/s². Utakuta namba na pembeni yake herufi K yenye namba nyingine, mara nyingi 1.5, hiyo ni nafasi ya kukosea, ijumlishe. Ujue pia namba ile imepimwa mashine ikiwa mpya, kisu kipya, mahali patulivu, shambani inaweza kuwa juu zaidi. Mashine mbili zinazofanya kazi moja zinaweza kutofautiana sana, na kwa sababu ya ile hesabu ya kuzidisha yenyewe kwa yenyewe, tofauti ndogo ya namba ni tofauti kubwa ya saa. Kama muuzaji hana kitabu wala hajui, hapo umeshapata jibu kuhusu hiyo mashine. Na usidanganyike kwamba ya betri ni laini moja kwa moja, mtikisiko wa injini unaondoka ndiyo lakini vichana au visu vinavyokwenda na kurudi bado vipo, zile fimbo za zeituni za umeme ni ushahidi.

Halafu matengenezo, na hapa ndo pesa ndogo inafanya kazi kubwa. Kisu butu kinalazimisha mtu apige resi na asukume. Kisu cha duara kilichogonga jiwe kikapinda au kuvunjika jino kinazunguka kikiwa kizito upande mmoja na mashine nzima inaruka mikononi. Uzi wa kufyekea ukiwa mrefu upande mmoja, hivyohivyo. Zile raba kati ya mshikio na mwili wa mashine zinazeeka, zinapasuka, na nimeona mashine ambazo raba zimekufa fundi akafunga kwa waya kukaza ili isicheze. Isicheze! Kucheza ndo kazi yake, ukiikaza umemwaga mtetemo wote kwenye mkono wa mtu. Raba mpya ni bei ya kawaida sana ukilinganisha na kilichoharibika.

Kupokezana ndo dawa ya tatu na hii haigharimu kitu zaidi ya kupanga. Genge la mashine ya chai kwa kawaida lina watu zaidi ya wawili, kuna washikaji na kuna wanaobeba mfuko na kukusanya. Wakibadilishana katikati ya siku pointi za kila mmoja zinagawanyika nusu. Tatizo liko kwenye malipo. Mtu analipwa kwa kilo, aliyezoea mashine anachuma haraka, genge zima linataka yeye abaki pale pale kwa sababu wote watapata zaidi, na yeye mwenyewe anaona fahari. Hakuna semina itakayoshinda hiyo hesabu. Mwajiri akitaka watu wapokezane lazima malipo yawe ya genge na asimamie zamu, siyo kubandika tangazo ofisini kisha jioni anauliza kilo ngapi. Wajapani upande wa chensoo waliweka mwongozo wa saa 2 kwa siku, kikomo cha muda kikishatamkwa na mwenye kazi mfanyakazi hana haja ya kuomba ruhusa ya kupumzisha mikono.

Namna ya kushika nayo ina uzito. Ukibana mshikio kwa nguvu zote mtetemo unapita kirahisi zaidi na damu inapungua vidoleni. Shika kiasi cha kuimiliki mashine, acha mkanda wa begani ubebe uzito, ukiwa husogei punguza resi.

Glavu sasa. Zinauzwa glavu zinazosemwa zinazuia mtetemo, na zipo zilizopimwa kwa ISO 10819, ila kwa mitikisiko ya kasi ya kati na ya chini, ambayo ndo ya mashine nyingi za shambani, zinapunguza kidogo sana au hazipunguzi kabisa, na zikiwa nene zinamfanya mtu abane zaidi. Vaa glavu kwa ajili ya joto na ukavu, hapo zinasaidia kweli, lakini mwajiri asigawe glavu akadhani amemaliza kazi. Joto la mwili mzima ni muhimu vilevile, koti, chai ya moto, mahali pakavu pa kujikinga mvua.

Ukishaanza kuona dalili usisubiri zikomae. Vidole kufa rangi kunaweza kupungua mtu akiacha mashine mapema, lakini ganzi iliyotokana na fahamu kuharibika mara nyingi haiondoki na hakuna kidonge cha kuirudisha. Ukienda hospitali mwambie daktari mwenyewe, bila kusubiri aulize, kwamba unashika mashine inayotetemeka, aina gani, saa ngapi kwa siku, tangu mwaka gani, na kama vidole vinabadilika rangi vipige picha vikiwa katika hali hiyo maana ukifika kliniki mchana jua limewaka havitaonyesha kitu.

Magonjwa yanayotokana na mtetemo yamo kwenye orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani iliyofanyiwa marekebisho 2010. Tanzania kuna OSHA kwa usalama kazini na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, Kenya kuna sheria ya fidia ya 2007, ile WIBA. Madai yoyote yatauliza swali moja gumu, unathibitishaje kwamba ni kazi ndiyo iliyokuumiza, na vibarua wa msimu wanaohama shamba hadi shamba ndio wanaokwama hapo. Kwa hiyo nunua daftari dogo. Andika tarehe, shamba, aina ya mashine na modeli yake, saa ulizoshika, na siku ganzi ilipoanza. Taarifa ya ugonjwa mpe msimamizi kwa maandishi, ubaki na nakala.